Dari ya Gorna Livada na Kengele Iliyofungiwa Drooni

Mpendwa mshauri Velika, naomba msaada, na kabla hujaendelea kusoma naomba pia usinihurumie mapema, kwa sababu watu wananihurumia tangu Juni na kila anayenihurumia ananizidishia uchovu. Mimi ni mama wa miaka arobaini na mitatu, niite Rumyana ingawa si jina langu, nachora ramani za majengo katika ofisi ndogo hapa Smolyan, tuko wanne, yaani tulikuwa wanne, sasa tumebaki watatu, na huyo wa nne ndiye anayenifanya nikuandikie.

Sote tulimwita bai Panteley kwa heshima ya umri wake, ana miaka sitini na mmoja, alinipokea ofisini nikiwa sijui hata kunoa penseli. Zamani michoro yetu yote ilikaa kwenye kompyuta moja na sheria ilikuwa moja, mchoro mmoja mtu mmoja, na aliyeushika mchoro alikaa na kengele ya kondoo mezani kwake, kengele ya shaba aliyoitoa bai Panteley kwenye kundi la marehemu baba yake, akimaliza anaipiga mara moja na kuipeleka meza ya mwenzake. Kwa hiyo mtu akiuliza "nani ana kengele?" alikuwa anauliza nani yumo ndani ya mchoro, maana huyo ndiye atakayejibu ukiharibika. Miaka kumi na tisa tulifanya kazi hivyo.

Miaka miwili iliyopita mimi nikaleta ile folda inayojinakili yenyewe mtandaoni, ile ya wingu, unahifadhi mchoro hapa nao unatokea kwenye kompyuta zote, nyumbani, ofisini, popote, nikawaambia hatutapoteza kitu tena maishani. Bai Panteley aliinua miwani akaniuliza, "Rumi, mwanangu, na wawili wakiufungua mchoro mmoja kwa pamoja?"

"Inajua yenyewe, bai Panteley."

"Inajuaje?"

"Inajua tu! Hiyo kengele yako warudishie kondoo."

Tulicheka sana siku hiyo, na yeye alicheka, na kengele nikaitia kwenye droo yangu mwenyewe, ndimo ilimo mpaka leo.

Sasa nikuambie kuhusu dari. Kuna nyumba ya kusomea ya kijiji cha Gorna Livada, dari yake ni ya mbao zilizochongwa kwa mkono, jua kubwa katikati na miale yake mpaka ukutani, vipande mia nne na kumi na viwili, na paa lilikuwa linaoza, kwa hiyo ilibidi dari yote ishushwe, paa litengenezwe, kisha kila kipande kirudi mahali pake. Bai Panteley alilala chali juu ya jukwaa Februari na Machi nzima akiipima kipande kwa kipande, anaandika kwenye madaftari ya miraba, jioni anarudi na vumbi kwenye nyusi, halafu sisi wengine tunaingiza kwenye kompyuta. Kila kipande kilipewa namba, namba ikaandikwa nyuma ya mbao na kwenye mchoro, na Aprili mafundi wakaishusha dari wakaipanga kwenye ghala la nyasi la kijiji. Unanielewa? Bila mchoro, zile namba ni namba tu.

Mei binti yangu alimaliza shule, na unajua mwenyewe sherehe ya kumaliza shule ilivyo kwetu, gauni lilishonwa tangu Januari, jamaa walikuja mpaka kutoka Haskovo, watoto wamechomoza madirishani mwa magari wakihesabu moja mpaka kumi na mbili, darasa kwa darasa, mpaka sauti zikawakauka, na mimi nilirekodi kila kitu. Kesho yake Jumamosi asubuhi, nyumba imejaa wageni wanataka kuona video, laptopu inaniambia imejaa. Nikatazama nini kinakula nafasi, nikaiona folda ya dari, nikajisemea hii si iko kule juu kwenye wingu, hapa ni nakala tu, nikaifuta. Ikaniuliza kitu, nikabonyeza ndiyo, shangazi yangu alikuwa amesimama nyuma yangu na sahani ya mkate wa jibini anasema haya basi Rumi tunasubiri. Kisha simu nayo ikalalamika kwamba hata hifadhi ya kule juu imejaa, nikaingia nikalimwaga pipa la taka, na hapo mshauri sikuwaza hata kidogo, na tukaangalia video, na nikalia kwa furaha mbele ya watu wote.

Jumanne tukarudi kazini baada ya mapumziko. Bai Panteley alikuwa ameuacha wazi mchoro mmoja kwenye kompyuta yake tangu Ijumaa, ukurasa wa pembe moja ya dari, akaona folda imekuwa tupu, akauhifadhi haraka ule aliokuwa nao, na kompyuta ikauandika yenyewe "nakala iliyogongana, Panteley", kama inavyofanya matoleo mawili ya mchoro yanapopishana. Ndicho kitu pekee kilichokuwemo mle ndani. Miezi minne ya kazi, na faili moja lenye jina lake.

Bosi wetu, injinia Zahariev, alituita wote mezani. "Hili jina la nani?"

"Langu," akasema bai Panteley.

"Basi?"

"Basi nini, bwana injinia? Nimefungua nikakuta tupu. Nimeokoa nilichokiona."

Kremena, mwenzetu mdogo, akasema kwa utani, "Bai Panteley, si wewe uliyesema juzi kipanya kinakukimbia mezani?" Na mimi, mshauri, mimi nikasema, tena kwa sauti ya upole, "Tusimsumbue jamani. Umri huo, mambo haya ni mageni kwake." Naapa wakati ule nilikuwa naamini ninachosema. Alinitazama mimi, si injinia wala Kremena, akasema, "Dari ile nimeishika kwa mikono hii. Nyinyi mliishika kwa kitu gani?" Akachukua kofia na boksi la madaftari yake, akatoka. Wiki iliyofuata alileta barua ya kustaafu kabla ya wakati. Tuliwaandikia wenye lile wingu, wakajibu kwamba kilichomwagwa kutoka kwenye pipa hakirudi, na hata hapo sikulikumbuka pipa langu la Jumamosi.

Siku ya jina lake, yaani sikukuu ya mtakatifu mwenye jina lake, ni tarehe ishirini na saba Julai. Siku ya jina haalikwi mtu, unakwenda tu, na kila mwaka ofisi nzima ilikuwa kwake, mkewe Stanka anapika pilipili za kujaza kwa sufuria mbili. Mwaka huu nilipita na gari barabara ya juu ya nyumba yao, nikaona meza ndefu uani, kitambaa cheupe, viti kumi na viwili, na wao wawili wamekaa upande mmoja. Sikusimama. Nilijiambia atakuwa bado ana hasira, nisimharibie siku.

Agosti injinia akanituma nilifute jina la bai Panteley kwenye akaunti ya ofisi, kwa kuwa mwenye akaunti ni mimi na neno la siri ninalo mimi peke yangu. Nikafungua ukurasa ambao sikuwahi kuufungua, ule unaoonyesha nani kafanya nini. Ulikuwa umeandikwa wazi kabisa. Jumamosi, saa tatu na dakika arobaini asubuhi, laptopu ya Rumyana, vitu mia sita na vinane vimefutwa. Dakika sita baadaye, pipa limemwagwa. Nikausoma tena tangu juu. Kule juu hapakuwa na nakala nyingine, ilikuwa folda ileile moja inayoonekana mahali pengi, nilipoifuta kwangu nikaifuta kwa wote.

Sijamwambia mtu. Sasa injinia ameandika barua kwa halmashauri kwamba dari haiwezi kurudishwa, iwekwe ya mbao za kawaida, na sababu iliyoandikwa ni "kosa la mfanyakazi mwandamizi aliyekwisha kustaafu". Anataka sahihi mbili, yake na yangu, ipelekwe mwisho wa mwezi huu. Madaftari ya bai Panteley anasema ni rasimu tu hayana maana. Binti yangu anaanza chuo Sofia mwezi ujao na mimi ndiye ninayemsomesha, nikifukuzwa hapa Smolyan hakuna ofisi nyingine ya kunichukua. Nimechoka mshauri, nimechoka mpaka nikisikia kengele ya mbuzi barabarani nafunga dirisha. Nitie sahihi ninyamaze, kwa kuwa yeye ameshaondoka na dari imeshapotea, au niseme na tupotee wote? Wako, mchora ramani wa Smolyan.

*

Rumyana,

Umeniomba nisikuhurumie mapema, nami nimekutii. Nimeisoma barua yako mara mbili, ya kwanza kwa huruma na ya pili kwa kalamu nyekundu, na kalamu ndiyo iliyoshinda.

Kabla ya kupewa kona hii nilipanga kurasa za gazeti hili miaka kumi na minne, kwa hiyo usidhani unaongea na mtu asiyejua folda ni nini. Sisi nasi tulikuwa na folda kama yako. Siku moja gazeti la Krismasi lilitoka kiwandani na vijiboksi vya kijivu mahali pa picha, kwa sababu picha zenyewe zilibaki huko juu na kwenye kompyuta yetu yalikuwepo majina yake tu. Padri akawa kijiboksi, meya akawa kijiboksi. Nimechoka na wingu tangu wakati huo. Kwa hiyo kosa la Jumamosi silikuzi. Nyumba imejaa wageni, binti amemaliza shule, shangazi na sahani yake mgongoni mwako, nani asingebonyeza ndiyo? Hilo ni kosa la kidole, na ofisi nzima ililiandaa ilipoacha kazi hai ikae mahali ambapo mtu mmoja akiifuta kwake, inafutika kwa kila mtu. Folda ile inabeba mabadiliko, mazuri na mabaya, haraka ileile. Haijawahi kuahidi kutunza. Hilo mlijiahidi wenyewe.

Lakini kuna mambo matatu uliyoyafanya ukiwa na akili zako timamu, na hayo siyapiti.

Mezani ulimtetea bai Panteley kwa kumzika. Kremena alimtania, mtaniwa hujibu, maisha yanaendelea. Wewe ulimhurumia mbele ya watu, na mtu aliyehurumiwa hana la kujibu. Ndiyo maana alikutazama wewe. Halafu Julai ukaiona meza yenye viti kumi na viwili ukakanyaga mafuta. Wakati ule hukujua bado kwamba kosa ni lako, ulijua tu kwamba ni siku ya jina la mtu aliyekufundisha kazi, na hilo pekee lilitosha kusimamisha gari.

La tatu ndilo baya zaidi, nalo umelipitisha kwenye barua yako kwa mstari mmoja, mbiombio, kama mtu anayepita na kitu chini ya koti. Madaftari! Mwanzo unaniambia mzee alilala chali miezi miwili akiandika kila kipande kwenye madaftari ya miraba, na kwamba michoro yenu yote ilitoka humo. Mwisho unaniambia injinia kasema ni rasimu, na wewe umenyamaza. Wewe uliyeyaingiza kwenye kompyuta kwa mikono yako! Unajua vizuri kuliko injinia yamebeba nini. Dari haijapotea, mama. Iko ndani ya boksi, nyumbani kwa bai Panteley, na mbao zake ziko ghalani na namba zake mgongoni. Ila kulifikia boksi hilo ni lazima upite mlangoni kwake, na mlangoni kwake ni lazima useme. Kwa hiyo ukaona afadhali jua la Gorna Livada libaki kuni kuliko wewe kutamka sentensi moja. Usiniulize mimi kama unyamaze. Jibu unalo, unachotafuta ni mtu wa kutia sahihi pamoja nawe.

Mimi sitii. Na wewe usitie.

Sikia utakavyofanya, na ufanye kwa mpangilio huu, maana ukianza na injinia utapata sababu ya kuishia hapo. Kwanza chapisha ule ukurasa wa nani kafanya nini, leo, wenye saa na jina la laptopu yako, kabla wenye wingu hawajaamua kwamba nao umepitwa na wakati. Jina la bai Panteley usilifute kwenye akaunti. Chukua karatasi hiyo uende nyumbani kwake mchana kweupe, bila keki na bila maua, maana ukija na keki mama Stanka atalazimika kukukaribisha kabla hajajua amemkaribisha nani. Mwambie umefuta wewe. Usianze na video wala binti wala uchovu wako, hayo aulize mwenyewe akitaka. Mwambie jina lake mlilisoma mkalielewa kinyume, kwamba lile faili lilikuwa na jina lake kwa sababu yeye peke yake aliokoa kitu siku ile. Kisha nyamaza, umwache aseme. Akikutukana, mpokee. Usimwombe madaftari siku hiyo. Usithubutu. Akiyatoa mwenyewe ni yake kutoa, na asipoyatoa utarudi tena, na tena.

Kutoka kwake nenda kwa injinia na karatasi ileile. Atafoka. Anaweza kukufukuza, sitakudanganya, ingawa mtu mwenye wachoraji wawili waliobaki na dari ya vipande mia nne na kumi na viwili ya kuunganisha atahesabu vidole vyake kwanza. Na akikufukuza, binti yako atakwenda Sofia na mama asiye na kazi aliyesema kweli. Wapo wengi chuoni wa namna hiyo na wanakula kama wengine. Barua ya halmashauri iandikwe upya, sababu iwe yako, na isomwe pale pale mezani ambapo jina lake lilisomwa, Kremena akiwepo.

Na kama mtachora tena, kazi iliyo mkononi ikae kwenye diski ya kompyuta ya anayeichora, huyo mmoja tu. Jioni akishaufunga mchoro, ndipo nakala ipande huko juu ikiwa na tarehe yake, na nyingine iende kwenye diski ya kufungiwa kabatini, isiyounganishwa na kitu chochote, ambayo hakuna ndiyo ya mtu yeyote inayoweza kuifikia. Pipa la taka lisimwagwe na mtu mmoja. Na picha za sherehe, tafadhali, zitafutie nyumba yao wenyewe.

Nimebakiza kengele. Nimeitazama sana hiyo kengele kwenye barua yako. Miaka kumi na tisa sheria yenu ilikuwa kwamba aliye na kengele ndiye anayejibu mchoro ukiharibika. Ofisi nzima ilimdai bai Panteley jibu, bai Panteley hakuwa na kengele. Ilikuwa kwenye droo yako, Rumyana, siku ile na mpaka leo.

Itoe. Ifute vumbi, uende nayo. Ukifika kwenye geti lao usibishe hodi, hatatoka kwa hodi yako. Ipige mara moja, kama mlivyokuwa mkifanya mtu akimaliza zamu yake, usubiri hapo nje kwa muda wowote atakaotaka usubiri. Akitoka, mpe.

Velika